Jig nafunga mimi, sifa anapewa mzee wa Manassas ambaye hajawahi kuzaliwa

Wakuu, za humu ndani?

Mimi ni wale wa kusoma kimya kimya. Miaka minne nasoma nyuzi za watu, nacheka peke yangu, napita. Leo naandika kwa sababu nina hasira, na hapa nilipo simwoni wa kumwambia akanielewa bila kwanza kuniuliza "kwani samaki wenyewe kilo ngapi?"

Ninayosimulia ni yangu mwenyewe, sijaweka chumvi. Majina tu nimebadilisha, maana wahusika wengine naamini wamo humu.

Mtoto amelala. Akiamka nitakatisha, msinitukane.

Kwanza mnijue.

Nimezaliwa Morogoro. Nimesoma mpaka form four, matokeo siyo ya kutangaza, nikaingia saluni. Nimesuka miaka sita. Twende kilioni, rasta, nywele za uzi, vichwa vya maharusi, vyote vimepita mikononi mwangu. Cheti changu ni vidole.

Nikaolewa, nikamfuata mume Marekani. Tunakaa Woodbridge, Virginia. Tuna binti mmoja, Tunu, ana miaka minne. Mume wangu namwita Baba Tunu, na humu nitamwita hivyo hivyo. Anafanya kazi kwenye ghala moja kule Manassas. Ishikeni hiyo Manassas, itarudi.

Mimi nalea. Watu wa nyumbani wakisikia "yupo Marekani analea" wanadhani nimejilaza kwenye kochi nakula zabibu. Haya, njooni. Kuanzia asubuhi naongea Kiswahili na mtoto anayenijibu kwa Kiingereza. Mikono iliyozoea vichwa vitatu kwa siku imebaki ya kuosha vikombe na kufunga vifungo vya koti.

Hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu awe na hasira, lakini siyo iliyonileta hapa.

Wanaume wetu hapa Jumamosi yao ni uvuvi. Kundi lao ni watatu. Baba Tunu. Mwangi, Mkenya, fundi wa mashine za baridi, mdomo wake haujui kupumzika. Na Papa Grâce, Mkongo, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mtu mpole mpaka unaona aibu kuongea naye kwa sauti. Grâce ni binti yake, ana miaka tisa.

Wanakwenda bwawani, kila mmoja na leseni yake. Samaki wanayemtafuta anaitwa crappie. Ni bapa, ana madoa meusi kama mtu aliyenyunyiziwa wino, anatosha kwenye kikaango kimoja. Mdomo wake mwepesi kama karatasi, ukivuta kwa nguvu unachanika na samaki anaondoka. Majira haya ya kuchipua majani, anasogea karibu na ukingo na hapo ndipo wanaume wanapata wazimu.

Huyu samaki wanamvulia kwa kitu kinaitwa jig. Ni ndoano ndogo yenye kichwa cha madini ya risasi, halafu imefungwa manyoya kwa uzi ionekane kama kidagaa. Hakuna mnyoo, hakuna unga. Ni manyoya na uzi, basi.

Siku moja, ilikuwa kama Machi, Baba Tunu alirudi na jig za dukani zimefumuka. Anazitupa mezani analalamika. Mimi nikaokota moja, nikaifumua yote nione ilivyo.

Wakuu, nilicheka.

Ile ni nywele za uzi! Kama uliwahi kukaa kati ya magoti ya mama yako ukazungushiwa uzi mweusi nywele zikasimama kama antena, unajua ninachosema. Unaanzia chini, unazungusha bila kuacha nafasi, unapanda, unarudi, unafunga. Tofauti ni kwamba huku hakuna mtoto anayelia.

Nikamwambia, "Baba Tunu, hizi mbona naweza kufunga?"

Akasema, "Jaribu."

Akaniletea jiriwa ndogo ya kushikia ndoano, vichwa vya risasi, na nyuzi. Manyoya nikamwambia acha, nina rasta za pinki zimebaki kwenye begi tangu nilipomsuka mama mmoja wa kanisani kule Morogoro.

Nilifunga kumi na mbili Tunu akiwa amelala mchana. Wakuu, zilikuwa nzuri! Nilikaza uzi mpaka ukalia. Mikia nikaikata sawa sawa kwa mkasi. Na kwa sababu mimi ni msusi, nilifanya anachofanya msusi yeyote mwenye akili akimaliza rasta: nikachemsha maji nikachovya ncha zote zisifumuke. Kichwani nikapaka rangi ya kucha. Zilipokauka nikazipanga kwenye trei ya mayai, nikazipiga picha, nikamtumia mdogo wangu Morogoro. Akauliza, "Dada, hizo hereni unauza?"

Jumamosi Baba Tunu akaenda nazo.

Akarudi mapema. Nikamuuliza, akasema, "Hazikushika." Nikauliza wenzake walisemaje. "Hawakusema kitu." Akaenda kuoga.

Mtu anayejibu kifupi hivyo kuna kitu. Lakini nikaacha.

Ila mimi siwezi kushindwa na kitu kinachofanana na nywele. Nikachukua jig moja, nikamwambia Baba Tunu aikate ile ncha ya ndoano kwa koleo isimchome mtoto. Nikajaza maji kwenye beseni. Tunu akakaa upande ule, mimi upande huu. Nikaifunga kwenye uzi nikawa naivuta juu chini.

Ilishuka kama ufagio. Imenyooka, imekakamaa, haitingishiki. Tunu aliangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Mommy, it's dead."

Hapo nikaelewa. Kichwani unataka kitu kikae. Majini unataka kitu kitembee. Vyote nilivyofundishwa saluni, kukaza, kukata sawa, kuchoma ncha, vyote vilikuwa vya kuua.

Nikafumua zote kumi na mbili.

Tukanunua manyoya laini ya bata mzinga, yale mepesi hata ukipumua karibu yanahama. Nikafunga upya. Uzi nikaukaza pale shingoni tu, mkia nikauacha mrefu bila mkasi, bila maji ya moto. Zikiwa kavu zinaonekana kama kuku aliyetoka kugombana. Saluni ningefukuzwa kazi.

Nikaitumbukiza kwenye beseni.

Ukiivuta, manyoya yanajikunja. Ukiiachia, yanafunguka. Yanajikunja, yanafunguka. Kama kitu kinachopumua. Tunu akashika ukingo wa beseni kwa mikono miwili na safari hii alisahau Kiingereza chake. Alisema, "Mama, inahema."

Sijui nani alimfundisha neno hilo. Labda mimi, siku nyingine nikipandisha ngazi na mzigo wa nguo. Lakini nilikaa pale na lile beseni muda mrefu, wakuu. Tangu nije nchi hii nilikuwa sijatengeneza kitu chochote kwa mikono yangu mwenyewe kikafanya kazi.

Jumamosi iliyofuata Baba Tunu alirudi na samaki wamejaa kwenye kisanduku cha barafu. Alikuwa anaimba. Akasema wenzake wanazitaka. Nikafurahi, nikafunga. Wiki baada ya wiki. "Mwangi anataka za kijani." Nafunga. "Papa Grâce anataka nyeupe zenye shingo nyekundu." Nafunga. Meza ya chakula imegeuka karakana, manyoya mpaka kwenye wali.

Kila mara nauliza, "Wanasemaje?"

"Wanakushukuru sana."

Wanakushukuru sana. Hayo maneno yashikeni pia.

Ikafika siku Mwangi akatualika kwake. Wanaume wanakaanga samaki nje, kina mama ndani, watoto wanakimbia. Nilivaa dera langu jipya. Sitawaficha, nilikwenda nikijua leo nitasifiwa.

Nimetoka na sahani, Papa Grâce akanisogelea, adabu zake zile zile.

"Mama Tunu, weye unamujua ule mzee wa Manassas?"

"Mzee yupi?"

"Ule anatufungia jig. Vraiment, Mungu alimupa mikono. Bwana yako anafanya naye kazi karibu karibu, sivyo? Tulisikia mguu wake unamuuma. Na bibi yake alishakufa, maskini, anabaki yeye peke yake mu nyumba."

Mwangi naye kutoka kwenye mafuta, "Huyo buda ni noma! Mimi namwambia mumeo kila siku, tupeleke tumsalimie, anasema ati mzee hapendi watu!"

Nikamwangalia Baba Tunu. Alikuwa anamgeuza samaki ambaye alishaiva muda mrefu.

Wakuu, nisomeni vizuri hapa. Mume wangu alibuni mzee. Akampa mji, akampa mguu mbovu, akampa na tabia ya kutopenda watu. Na kwenye hiyo hadithi mzee alikuwa na mke, halafu mke akafa.

Mke akafa! Anayefunga ni mimi, na mimi ndiye niliyezikwa.

 Nilikula, nikashukuru, nikaaga. Tukafika nyumbani. Tunu alipoingia chumbani kwake nikauliza taratibu kabisa:

"Mzee wa Manassas hajambo?"

Akakaa chini.

Akajitetea, na utetezi wake nauweka hapa kwa haki. Ile Jumamosi ya kwanza, ya rasta za pinki, walimcheka. Mwangi aliinua jig yangu hewani akauliza kama samaki wanaenda kwenye send-off. Akasema, "Mkeo amewasuka samaki, sasa tuwangoje watoke saluni." Walicheka mpaka mzungu wa jirani akahama. Kwa hiyo alipoleta zile nzuri wakauliza umetoa wapi, mdomo wake ukasema, "Kuna mzee mmoja Manassas." Akidhani yataishia hapo. Hayakuishia. Wakauliza ana miaka mingapi, akajibu. Ana watoto, akajibu. Ana mke...

"Ukaamua uniue," nikamalizia.

"Si wewe, ni mke wa yule mzee."

"Yupi? Yule mzee ni nani, Baba Tunu? Si ndiye mimi?"

Akaahidi atawaambia. Jumamosi ikaja, hakuwaambia. Ya pili, hakuwaambia. Akawa anasema "nasubiri nafasi", kama vile kusema "anafunga mke wangu" kunahitaji kukodi ukumbi.

Halafu akaniletea oda mpya. Na uso mkavu! "Wanataka kumi na mbili za Jumamosi. Na moja ndogo ya pinki."

Nikasema, "Sawa."

Sasa wakuu, ninakuja kwenye sehemu ambayo siipendi. Ningeweza kuiruka, mngeniona mtu mwema mwanzo mwisho. Lakini niliahidi ukweli.

Nilifunga kumi na tatu, nzuri kuliko zote nilizowahi kufunga. Halafu nikachukua rangi ya kucha isiyo na rangi, nikaipitisha katikati ya manyoya, kwa ndani, pasipoonekana. Zikakauka. Kwa macho hakuna kasoro. Kwenye beseni zikashuka kama vijiti.

Nilijua ninachofanya. Nilikuwa natabasamu.

Jumamosi mchana Baba Tunu akarudi na kisanduku kitupu. Barafu haijaguswa. Akakaa jikoni, akaweka simu mezani, voice note za kundi zikawa zinaingia zenyewe.

Ya Mwangi: "Buda, mwambie huyo mzee wako astaafu. Mikono imeisha! Leo ametuangusha vibaya, watu wa kando wanatoa samaki, sisi tunatoa macho. Zii, amezeeka huyo."

Nilicheka. Kweli nilicheka, kama sekunde mbili.

Halafu kitu kikanichoma. Amezeeka, mikono imeisha. Ni mikono ya nani hiyo inayosemwa? Mzee hayupo. Mikono iliyopo duniani ni hii. Nilitaka kumwaibisha mume wangu, na kazi iliyoharibika ni yangu. Walipoisifu sikutajwa, sasa inatukanwa na bado sikutajwa, ila kilichotukanwa nakijua mwenyewe.

Nikiwa hapo ikaingia ya Papa Grâce. Sauti yake ya chini ile.

"Bandugu, tusimukasirikie mzee. Mi nafanya na bazee kila siku, najua. Kama mikono inaanza kushindwa, ni kusema iko mugonjwa. Grâce alilia kidogo, ilikuwa siku yake ya kwanza, lakini ile ya pinki ameiweka juu ya kabati yake. Anasema mzee aliifanya muzuri. Minafikiri Jumamosi twende tumuone. Bibi yangu atapika. Mutu hawezi kukaa peke yake na ugonjwa."

Ile ndogo ya pinki.

Ilikuwa ya mtoto. Sikuuliza ni ya nani. Nilikuwa na hasira, sikuuliza.

Mwangi hapo hapo: "Poa. Mimi naleta chai na mandazi. Na huo mguu wake nitamletea mkanda wa goti, niko na mpya."

Mnawajua watu wetu. Ukisema mtu anaumwa, hakuna wa kuwazuia. Wangezunguka Manassas nzima nyumba kwa nyumba na sufuria mkononi wakimtafuta mgonjwa.

Baba Tunu alikuwa amebadilika rangi. "Mama Tunu, tufanyeje? Niseme amesafiri? Niseme amefari—"

"Ukimuua na huyo nakuacha," nikamwambia. "Waambie waje hapa. Waambie mzee yuko Woodbridge. Na mlango utafungua wewe."

Akauliza, "Nitasema nini?"

"Utakachosema ni kazi yako. Mimi nina yangu ya kusema."

Ile wiki tuliongea kidogo sana. Nilifikiria mengi. Nilifikiria kwamba kama wale wanaume walicheka zile za kwanza, walikuwa na haki, zilikuwa kichekesho kweli. Rasta zimechovywa maji ya moto! Hata mimi ningecheka. Angerudi akaniambia "mke wangu leo tumechekwa", tungecheka wote tukafumua. Nisichoweza kumeza ni kwamba aibu ilipokuwepo ilikuwa na jina langu, sifa ilipokuja akaitafutia mtu mwingine.

Na nilifikiria kabati ya mtoto wa miaka tisa.

Jumamosi wakaja asubuhi, kabla ya kwenda bwawani. Nilikuwa nimekaa mezani, jiriwa mbele yangu, manyoya, nyuzi, kila kitu. Kengele ikalia. Baba Tunu akasimama, akaniangalia, sikumsaidia hata kwa jicho.

Akafungua.

Mwangi mbele na thermos na mkanda wa goti kwenye plastiki. Papa Grâce nyuma na sufuria ya pondu, kisamvu cha kwao, imefungwa kwa kitenge. Grâce ameshika kadi aliyoichora mwenyewe, samaki mwenye kope ndefu.

Mwangi akanong'ona, kunong'ona kwake ni kama sauti ya mtu mwingine akiita teksi, "Mzee amelala?"

Baba Tunu akasema, "Hakuna mzee."

"Ameenda hosi?"

"Mwangi, nisikilize. Hakuna mzee wa Manassas. Hajawahi kuwepo. Jig zote anafunga Mama Tunu. Mlinicheka siku ile nikaona aibu, nikadanganya. Nimedanganya miezi miwili."

 Tunu ndiye aliyeongea, kutoka chini ya meza, akawaambia kwa Kiingereza kwamba mama yake hutengeneza samaki wa kwenye beseni.

Mwangi aliangalia meza, akaangalia vidole vyangu, akaangalia mkanda wa goti. "Kwa hivyo," akasema, "goti la nani linauma?"

Papa Grâce akaweka sufuria chini taratibu. "Na bibi aliyekufa?"

"Ni mimi," nikasema. "Karibuni. Mzee wa Manassas ni mimi, na marehemu pia ni mimi."

Mwangi akaanza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Akasema, "Shemeji, pole. Ile siku ya pinki nilicheka sana."

"Zile zilistahili kuchekwa," nikamwambia. "Zile za juzi ndizo nataka niseme."

Nikasema yote. Rangi ya kucha, ndani ya manyoya, kwa makusudi. Nikamwangalia Mwangi, nikamwangalia Papa Grâce. Grâce nilimwangalia mwisho kwa sababu ndiye aliyekuwa mgumu.

Akauliza, "On purpose?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia nilikuwa na hasira na mtu mwingine.

Akafikiri kidogo. Akaniambia, kwa Kiingereza chake kilichonyooka, kwamba yeye hakuwa huyo mtu mwingine.

Wakuu, nimesutwa na mashangazi, nimesutwa na wateja walioungua ngozi ya kichwa, hakuna aliyenisuta kama yule mtoto. Na hakuwa hata amekasirika. Alikuwa anarekebisha tu hesabu.

Akatoa ile ya pinki kwenye mfuko wa koti, imefungwa kwenye tishu. Akaiweka mezani. "Can you fix it?"

Haiwezi kutengenezwa, rangi ikishashika manyoya ndiyo basi. Nikamwambia hivyo. Nikamwonyesha: nikaibana kwenye jiriwa, nikakata uzi, nikafumua mpaka ikabaki ndoano na risasi yake. Halafu nikamwambia achague unyoya. Akachagua muda mrefu. Nikaufunga mbele yake, yeye ndiye aliyeshika uzi usilegee. Kichwa nikakipaka rangi ya kucha ya pinki. Alitaka kuukata mkia uwe sawa, ulikuwa umetawanyika ovyo. Nikamwambia hapana, ukiwa mbaya hapa utakuwa mzuri kule.

Wanaume walikuwa wamesimama nyuma yetu na vikombe vya chai ya mgonjwa.

Tukaenda wote bwawani. Mimi kwenda pale ilikuwa mara ya kwanza, mnaamini? Miezi miwili nafunga vitu vya maji ambayo sijayaona. Nilikaa kwenye jiwe na Tunu mapajani.

Grâce alipata wake baada ya kama saa nzima. Mdogo, kama kiganja changu. Alipiga kelele mpaka ndege wakaruka. Baba yake akamwambia amvute polepole, mdomo ni karatasi, na yeye akamvuta polepole kweli. Walimrudisha majini, alikuwa hafai hata kwa paka. Yeye hakujali.

Sasa pembeni yetu alikuwepo mzungu mmoja, mtu mzima, na kiti chake cha kukunja. Akasogea akaangalia jig zinazoning'inia kwenye fimbo ya Baba Tunu. Akauliza nani kazifunga.

Mwangi akafungua mdomo. Papa Grâce akamshika mkono.

Baba Tunu alikuwa ameshika samaki. Hakunitazama kwanza kutafuta ruhusa, hakukohoa. Alisema, "My wife. She's sitting right there." Akanyoosha kidole.

Yule mzungu akaniinulia kofia.

Nikainua mkono. Ulikuwa bado na rangi ya pinki kwenye kucha.

Basi, hiyo ndiyo stori.

Nilichojifunza? Kimoja, usiharibu kazi ya mikono yako ili kumkomoa mtu. Yeye atapoteza Jumamosi moja, wewe utaikumbuka ile kazi mbovu siku zote, na kuna uwezekano ikaangukia kwa mtoto ambaye humjui. Hilo ni langu na nimelibeba.

Lakini na nyinyi wanaume wa humu nisikieni. Mkiona aibu kwamba kitu kizuri kimefanywa na mkeo, hiyo aibu ni yenu, msituvalishe sisi. Na msitubunie vifo.

Mtakaoniuliza PM kama nimemsamehe: naendelea. Kuna siku namsamehe asubuhi, mchana nakumbuka yule marehemu, namnyima chai. Jig nafunga bado, ila sasa wenzake wananipigia mimi mwenyewe. Mwangi ananiita "Mzee". Mkanda wa goti nimebaki nao.

Kadi ya Grâce ipo kwenye friji. Ndani ameandika kwa Kiswahili cha kuulizia kwa baba yake, "Mzee upone."

Nimepona kidogo.

Haya, Tunu ameamka. Wenye waume, wakwe, mabosi waliowahi kuchukua kazi yenu wakampa mtu mwingine, tena mtu ambaye hata hayupo, wekeni hapa chini mlifanyaje. Na kama kuna msusi mwenzangu humu aliyewahi kuchovya kitu kwenye maji ya moto akajuta, naye aje, asione aibu.